Barua Iliyolala Kwenye Droo

Anayeshika kalamu ya kamati ya msikiti huandika mengi ambayo hayamo katika katiba ya kamati. Huandika barua ya kumtambulisha kijana anayekwenda kuomba kazi, barua ya mjane anayefuatilia mirathi, tangazo la mazishi, na orodha ya waliochangia mabati ya chumba cha kutawadhia. Sisi tunaoandika makala haya tuna mwaka wa saba katika kazi hiyo hapa Tanga, na kwa muda mrefu tulijisifu moyoni kwamba hakuna barua ya mtu iliyowahi kulala mezani petu. Leo tunaandika juu ya barua moja iliyolala, na juu ya elimu ambayo tuliidharau kabla ya kuuliza ni elimu gani.

Ilikuwa baada ya swala ya Isha. Mzee wetu mmoja, seremala ambaye milango mikubwa ya msikiti wetu ni kazi ya mikono yake, alitusubiri barazani hadi watu wakatawanyika, kisha akatoa bahasha mfukoni mwa kanzu.

"Ustadh," alisema, "binti yangu anataka barua ya kamati. Masharti yake ni haya hapa. Lakini nimekuja pia na ombi langu mwenyewe."

Binti huyo, ambaye kwa kumsitiri hatutamtaja jina, alikuwa amemaliza shahada ya fizikia na kufaulu vizuri sana. Alikuwa amekubaliwa kusoma shahada ya uzamili nchini Uingereza katika fani ya upigaji picha wa ubongo wa binadamu, na nia yake ilikuwa kuendelea hadi uzamivu na hatimaye kuwa mhadhiri na mtafiti wa chuo kikuu. Mfuko mmoja wa kusaidia wanafunzi ulimtaka alete barua ya viongozi wa jamii inayomfahamu, na ulimpa wiki tatu.

Ombi la baba lilikuwa kwamba tumzuie. "Nimemuuliza itachukua miaka mingapi mpaka apate kazi ya kudumu," alisema. "Akahesabu vidole vya mkono wa kulia, vikaisha, akahamia wa kushoto. Shule za hapa hazina walimu wa fizikia, Ustadh. Angefundisha, akaolewa, akawasaidia wadogo zake. Wewe anakusikiliza. Zungumza naye."

Hatukuzungumza naye. Suala la safari na nani atakuwa naye huko lilikwisha kupelekwa kwa masheikh na kupatiwa njia, kwa kuwa mjomba wake anaishi na familia yake katika mji huohuo. Hoja ya sheria, basi, haikuwapo. Ilikuwapo hoja ya hesabu za dunia tu, nasi tuliikubali upesi. Tulidhani kupiga picha za ubongo ni kazi ya fundi: mgonjwa analala, mashine inanguruma, picha inatoka, daktari anaisoma. Profesa wa jambo hilo ni wa nini? Tulimwambia baba aendelee kuswali istikhara, tukaiweka bahasha ndani ya droo, tukaamini kwamba siku zikipita jambo litaisha lenyewe bila ya mtu yeyote kuambiwa hapana. Siku zikapita. Mfuko ukafunga maombi ya mwaka ule.

Jumamosi iliyofuata binti alikuja ofisini pamoja na mama yake. Mezani alikuwapo pia muadhini wetu, babu wa watu wote pale mtaani. Tulijiandaa kwa lawama. Binti hakuigusa habari ya barua. Aliuliza, "Ustadh, unamkumbuka mdogo wangu alivyofariki?"

Tulimkumbuka. Ni miaka kumi na minne sasa. Tulikuwa wanafunzi wa chuo cha Kiislamu, tumerudi nyumbani likizo. Mtoto alikuwa na miaka minne. Alishikwa na homa siku mbili, na jioni ya siku ya pili akakakamaa, macho yakageuka juu. Wazee wa nyumba wakasema ni degedege. Wakasema mtoto wa degedege hachomwi sindano, akichomwa hufa. Akafukizwa, akaandikiwa kombe, na sisi, kwa kuwa tulikuwa tunasoma chuoni, tukaitwa tumsomee. Tulimsomea. Hatukusema kwamba kisomo hakizuii hospitali. Pengine tulidhani si mahali pa kijana kuwapinga wazee. Alipelekwa hospitali kesho yake adhuhuri, na kabla ya Alasiri alikuwa amefariki. Mama yake amekuwa akilisema neno lilelile tangu siku ile: alikuwa anapumua, kisha akaacha, kama mtu aliyesahau.

"Daktari alituambia malaria ilipanda kichwani," binti aliendelea. "Nilikuwa na miaka tisa. Nikajiuliza, malaria iko ndani ya damu, imefikaje kwenye pumzi? Niliuliza sekondari, nikauliza chuoni. Hilo ndilo ninalotaka kulisomea, Ustadh. Mashine ni chombo tu."

Kisha akatueleza habari ya Blantyre, nasi baadaye tuliisoma kwa muda wetu na kuikuta kama alivyoieleza.

Katika mji huo wa Malawi, ndani ya Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, mwanamke mmoja Mmarekani, Terrie Taylor, profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, alianza kufanya kazi miaka ya 1980. Kwa miaka mingi nusu ya mwaka alikuwa chuoni kwake, na msimu wa mvua, wakati malaria inapopamba moto, alikuwa wodini Blantyre. Swali lake limekuwa moja muda wote huo: mtoto mwenye malaria ya ubongo huuawa na nini hasa? Wawili wanalazwa kitanda kwa kitanda, wote hawana fahamu, wote wamepewa dawa ileile. Mmoja anaamka kesho akiomba uji. Wa pili anaacha kupumua.

Hatua ya kwanza ilikuwa nzito kwa kila mzazi atakayesoma haya. Watafiti waliwaomba ridhaa wazazi waliofiwa, ili miili ya watoto wao ichunguzwe kabla ya kuzikwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba kati ya watoto 31 walioaminika kufa kwa malaria ya ubongo, 7 walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine kabisa. Waligundua pia kwamba alama fulani nyuma ya jicho zinaweza kumtambulisha mtoto mwenye malaria ya ubongo ya kweli angali hai. Lakini maiti haiwezi kueleza kila kitu. Huonyesha mwisho wa ugonjwa, haionyeshi ulivyokwenda, na wale waliopona hawamo kabisa katika hesabu.

Mwaka 2008 hospitali hiyo ilipata mashine ya MRI, ya kwanza nchini Malawi. Nguvu ya sumaku yake ilikuwa tesla 0.35, ilhali hospitali kubwa za nchi tajiri hutumia mashine za tesla 1.5 au 3. Kwa mashine hiyo ndogo, kuanzia mwaka 2009 hadi 2011, watafiti wa Michigan na wa Malawi waliwapiga picha watoto walioletwa wakiwa hawana fahamu. Miongoni mwa watafiti hao alikuwamo daktari wa picha Mmalawi, Samuel Kampondeni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watoto walikuwa 168. Waliofariki walikuwa 25, na kati ya hao 25, watoto 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu siku walipolazwa. Ubongo ukivimba ndani ya fuvu hauna pa kwenda. Husukumwa chini, na huko chini ndiko iliko sehemu inayoendesha pumzi. Ikibanwa, pumzi hukatika, hata kama moyo bado unapiga.

Jambo jingine lilionekana ambalo maiti isingeweza kulionyesha. Kati ya watoto 143 waliopona, 39 nao walilazwa na uvimbe mkubwa, na picha zao za siku zilizofuata zilionyesha uvimbe ukipungua. Maana yake, uvimbe wenyewe si hukumu isiyorudi. Swali likahama: je, mtoto akisaidiwa kupumua mpaka uvimbe upungue, ataishi? Hilo ndilo lililofuata kufanyiwa majaribio.

Mama alikuwa kimya wakati wote. Aliuliza jambo moja: "Kwa hiyo mwanangu hakusahau?"

Binti hakujibu upesi. "Mama, yeye hakupigwa picha. Siwezi kuapa kwamba ndiyo yaliyompata. Lakini watoto wengi waliokufa kama yeye, hawakusahau. Walizuiwa."

Tuliyaweka akilini maneno hayo. Mtu mwingine angemfariji mama yake kwa kusema ndiyo. Yeye alimfariji kwa kiasi cha ushahidi aliokuwa nao, akaishia hapo.

Muadhini wetu, ambaye alikuwa amefumba macho tukadhani amesinzia, alifungua kinywa. "Mjukuu wangu, hiyo mashine inaiona roho?"

"Hapana, babu. Inaona maji."

Akamfafanulia. Sehemu kubwa ya mwili wa mtu ni maji, na ndani ya maji mna viini vya hidrojeni, kila kimoja mfano wa sumaku ndogo mno. Mtu akilazwa ndani ya sumaku kubwa, viini hivyo hujipanga. Mawimbi ya redio yakipitishwa huyumba, na mawimbi yakikatwa hurudi mahali pake huku vikitoa ishara. Ishara itokayo katika ubongo uliovimba hailingani na itokayo katika ubongo salama. Kompyuta huzikusanya ishara hizo na kuzifanya picha. Hapana kisu, wala mionzi ya eksirei.

"Na hao wanaosema wameona mawazo ya mtu?" babu aliuliza, kwani redio anaisikiliza sana.

Hao nao, binti alisema, wanaona damu. Mwaka 1990 Seiji Ogawa, Mjapani aliyekuwa akifanya utafiti katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, alionyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyoishiwa oksijeni huiathiri sumaku kwa namna mbili tofauti. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi hupelekewa damu zaidi, kwa hiyo mashine inaweza kuifuatilia. Mwaka 1992 makundi kadhaa ya watafiti nchini Marekani yalitangaza picha za ubongo wa mtu aliye hai ukifanya kazi. Lakini damu huja nyuma ya kazi yenyewe kwa sekunde kadhaa. "Ni kama kukisia kinachopikwa jikoni kwa kuwatazama watoto waliotumwa dukani, babu. Unaweza kujua mengi. Chungu chenyewe hujakifunua."

Hapo tulimwomba atuhesabie njia ya kazi hii, kama alivyomhesabia baba yake. Alituhesabia bila kuipamba, na wazazi wenye watoto wa namna hii ni vyema wayajue haya mapema.

Uzamili huchukua mwaka mmoja au miwili. Uzamivu huchukua miaka mitatu hadi minne nchini Uingereza, na mitano au zaidi nchini Marekani. Anayemaliza huitwa daktari, lakini aghalabu hana kazi ya kudumu. Hufuata miaka ya utafiti wa mkataba, miwili au mitatu kwa kila mkataba, mara nyingi zaidi ya mkataba mmoja, na kila mkataba waweza kuwa katika mji mwingine au nchi nyingine. Baada ya hapo ndipo hutafutwa nafasi ya uhadhiri. Marekani humwita profesa msaidizi, na baada ya miaka kama sita chuo hukaa kumpima: ama apewe ajira ya kudumu, ama aondoke. Vyuo vya kwetu vina ngazi zake, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa, na kila ngazi ina masharti yake ya ufundishaji na machapisho. Nafasi ni chache kuliko wanaozitaka. Wengi wanaomaliza uzamivu hawafiki kuwa maprofesa. Huingia hospitalini, katika viwanda vinavyotengeneza mashine hizo, au katika kazi za kompyuta, kwa sababu hesabu walizojifunza zinatakiwa kila mahali.

Anayefika hakai kitako. Hufundisha, husimamia wanafunzi, na huomba fedha. Saa moja ya mashine ya utafiti hutozwa mamia ya dola katika vyuo vingi vya nje, na fedha hizo profesa huzitafuta mwenyewe kwa kuandika maombi marefu. Katika taasisi kuu ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, kwa miaka mingi lilikuwa likikubaliwa takriban ombi moja kati ya matano. Mtu akikataliwa mara nne, basi, hajafeli. Ndio wastani.

Historia ya fani yenyewe imejaa watu waliosubiri. Mwaka 1956 Allan Cormack, mhadhiri wa fizikia mjini Cape Town, alipewa kazi ya muda katika hospitali ya Groote Schuur kwa kuwa mwanafizikia wa hospitali alikuwa ameondoka. Aliona jinsi mionzi inavyotumiwa kwa makisio, akajiuliza kama hesabu zinaweza kuonyesha kilichomo ndani ya mwili kipande kwa kipande. Alihamia Marekani, akachapisha hesabu hizo mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyezijali. Mwaka 1971 Mwingereza Godfrey Hounsfield, aliyeifikia njia hiyo kivyake, alifanikiwa kupiga kwa mashine yake picha ya ubongo wa mgonjwa katika hospitali moja ya London. Mwaka 1979 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja. Peter Mansfield, mmoja wa waliopewa tuzo hiyo mwaka 2003 kwa kazi ya MRI, aliacha shule akiwa na miaka 15 akaenda kufanya kazi katika uchapaji wa vitabu, akarudi masomoni baadaye. Mashine yake ya kwanza ya mwili mzima ilipokuwa tayari kujaribiwa kwa binadamu mwaka 1978, na watu wakihofia madhara yake, aliingia mwenyewe.

Tulipofika hapo tulimuuliza binti jambo lililokuwa likitusumbua: kama kila kitu ni hesabu za kompyuta, nani anajua kwamba picha hizo hazisemi uongo?

Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Zinaweza, Ustadh. Ndiyo maana wanahitajika watu."

Akatupa habari ya samaki. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, akiwamo Craig Bennett, walitangaza jinsi walivyomweka samaki wa aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine. Wakamwonyesha picha za watu wenye hisia mbalimbali, wakakokotoa kama wanavyokokotoa kwa binadamu, ila waliacha makusudi hatua moja ya masahihisho ambayo watafiti wengi wakati huo walikuwa wakiiruka. Kompyuta ikatoa alama kwamba sehemu ya ubongo wa samaki mfu inafanya kazi. Ulimwengu ukacheka, lakini somo lilikuwa zito. Mashine hugawanya ubongo katika vipande maelfu kwa maelfu, na ukiuliza swali moja mara maelfu, mara chache utapata ndiyo kwa bahati tu. Mwaka 2020 ukatolewa utafiti mwingine: timu 70 zilipewa takwimu zilezile za watu 108 na kuulizwa maswali 9 yaleyale. Hapakuwa na timu mbili zilizofuata hatua zinazofanana kabisa, na kwa baadhi ya maswali majibu yalitofautiana vikubwa.

Wanaowaza kwamba elimu ya kisasa haina haya watazame hapo. Aliyemweka samaki katika mashine ni mtu wa fani hiyohiyo, na timu zile 70 zilikubali kupimwa hadharani. Sisi tuliosoma vyuo vya dini tulifundishwa namna wanazuoni wa hadithi walivyochunguza wapokezi mmoja mmoja, nani mkweli, nani msahaulifu, nani alikutana na nani. Hatukuwahi kudhani kwamba kuna watu wanaofanya kazi ya tabia hiyo juu ya picha za ubongo. Kazi ya profesa, kama tulivyoielewa sasa, ni kuubeba ukweli wa picha. Fundi huitoa. Daktari huitumia kwa mgonjwa aliye mbele yake. Lazima awepo mtu wa tatu, mwenye miaka ya kutosha na uhuru wa kutosha, wa kuuliza kama picha hiyo inamaanisha kweli kile tunachodhani inamaanisha. Hiyo ni amana, na amana haiivi kwa miaka miwili.

Lilibaki swali la baba, ambalo ni la haki: akifika huko, atarudi kufanya nini? Binti alikuwa na jibu la karibu zaidi kuliko Uingereza. Mwaka 2022, mjini Mbarara, Uganda, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha hapo, wakishirikiana na wenzao wa Leiden, Uholanzi, waliiunganisha hapohapo mashine ndogo ya MRI kutokana na vipande vilivyosafirishwa. Iliwachukua siku 11. Lengo lao ni watoto wenye vichwa vikubwa, ambao maji yamejaa ndani ya fuvu zao na mama zao hawawezi kugharimia kipimo cha mashine kubwa. Kazi kama hiyo haiendeshwi kwa kununua mashine peke yake. Anatakiwa mtu wa fizikia mwenye kuishi karibu nayo, mwenye wanafunzi wake, atakayejua kwa nini leo picha imekuja na ukungu.

Jioni ileile tulikwenda karakanani kwa seremala. Tulimwambia kwanza kwamba barua haikwenda, na kwamba kosa ni letu, si la binti wala si la mfuko. Kisha tukamsimulia yote, Blantyre, samaki, Mbarara, na miaka yenyewe bila kuipunguza. Alikuwa akipiga msasa mguu wa meza, hakuacha. Tulipomaliza alinyamaza kitambo.

"Ile milango ya msikiti," alisema, "mbao za mvule nilizikausha mwaka mzima kabla ya kuzigusa. Kamati ikaniletea watu kila wiki, lini, lini. Mlinilaumu sana."

Tulikiri. Barua mojawapo ya kumhimiza ilikuwa na saini yetu.

"Imepinda?"

"Haijapinda, mzee."

Hakuongeza neno. Aliuliza tu mfuko utafungua tena lini.

Wazazi wenzetu, hatuandiki haya ili kila mwenye mtoto anayejua hesabu amsukume akawe profesa wa ubongo. Njia ni ndefu, wengi huishia katikati, na nyumba yenye wadogo wanaosubiri ada haiwezi kuambiwa kwamba fedha si kitu. Kinachostahili kuulizwa na mzazi si miaka mingapi peke yake. Aulize pia mtoto wake anasubiri nini katika hiyo miaka, kama ana swali lake mwenyewe, kama anaweza kukataliwa mara nne na kuandika ya tano, na kama hatasema ndiyo pale ushahidi unaposema labda. Mwenye hayo, kumzuia ni hasara ya zaidi ya nyumba moja. Na mtoto yeyote akikakamaa kwa homa leo usiku, asingoje profesa. Apelekwe hospitali usiku huohuo. Sindano haimuui mtoto wa degedege. Humuua kuchelewa. Kisomo kisomwe njiani.

Neno hilo la mwisho tumelitangaza msikitini baada ya swala ya Ijumaa, mara tatu mpaka sasa, na tutaendelea kulitangaza kila msimu wa mvua. Ilitupasa kulisema miaka kumi na minne iliyopita, chumbani mwa mtoto, mbele ya wazee.

Binti kwa sasa anafundisha fizikia kwa muda katika sekondari ya mtaani, kwa hiyo baba yake amepata nusu ya alichokiomba. Maombi ya mwaka huu yalifunguliwa mwezi uliopita. Barua ya kamati ilisomwa mbele ya wajumbe wote, ikatiwa saini na mwenyekiti na sisi, na ikaondoka siku ya pili yake. Muadhini alitaka iongezwe kwamba binti huyu hasemi asilolijua, nasi tukaliongeza. Majibu bado. Tunaomba dua zenu.

Na makatibu wenzetu wa misikiti, mnaposoma haya, fungueni droo zenu.

Wabillahi tawfiq.